Ndio Iliyochelewa kwa Sanduku la Kibet

Mama yangu,

Chamgei. Natumaini goti limepoa na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Mimi mwili uko sawa, hata baridi ya huku Ufini nimeizoea. Ni roho ndiyo imechafuka. Tangu siku ile ya koito, mlipoenda kuniombea mke, chakula hakipiti.

Nasikia umewaambia shangazi kwamba Ulaya imenimaliza adabu. Mama, aki si hivyo. Wacha nikueleze vile ilikuwa upande wangu.

Baba ya Chebet aliuliza kwa video, "Kijana, binti yetu unamtaka?" Swali lilipofika tu kwangu nikajibu, "Ndio, mzee, kabisa!" Lakini lilikuwa limechelewa njiani. Nyinyi huko Sigor mliniona nimekodoa macho tu, kimya. Mzee akakasirika, akauliza, "Ama uko na bibi mzungu huko?" Hapo ndipo sauti yangu ikawafikia: "Ndio, mzee, kabisa!" Kibuyu cha maziwa ya mursik kikarudishwa ndani bila mtu kuonja, na mimi bado natabasamu kama mjinga.

Ni lile sanduku la Kibet! Ndugu yangu anauzia soko zima intaneti, akanunua ruta yenye memori kubwa ajabu ndio ajigambe haipotezi kitu. Kazi yangu huku ni kupima memori za ruta, na nilimkataza. Nikamwambia, hiyo memori ni kama banda la kituo cha majani chai. Lori la kupeleka majani kiwandani ni lile lile moja. Ukipanua banda, lori haliongezi mwendo; majani yanalundikana, yanashika joto, yanageuka mekundu. Afadhali banda dogo lijae mapema, wachumaji waone, wapunguze mkono. Ruta pia ikijaa inatupa data kidogo, na simu zinazotuma zinapunguza mwendo zenyewe. Yake haitupi, inabeba kila takataka! Siku hiyo mabinamu walikuwa wakituma video za ngoma kwa sanduku hilo hilo lililobeba simu yetu, basi swali la mzee mzima likapangwa foleni nyuma ya viuno vyao. Nkt!

Na huyo Kibet amezaliwa kwa chai. Amewahi kulia majani yake yakimwagwa kwa kulala kituoni. Bado ananijibu, "Bro, memory kubwa ndio quality." Inanitapisha, Mama. Hata kwenda kwa wakwe kusema pole hajaenda.

Chebet ameniandikia: "Mimi nakujua. Lakini baba hataki simu tena, anataka mtu asimame mbele yake." Na yule mchuuzi wa ng'ombe wa Mulot ameanza kupitapita kwao, leo anaulizia ndama, kesho anaomba maji. Mtu mzima hana aibu!

Ndio maana nimempa barua hii muuguzi tunayesali naye huku, anakuja likizo. Nisalimie kogo, nyanya yetu, uji wake naukumbuka sana. Msalimie shangazi wa Chepilat, na mzee wa ukoo wetu, umwambie naomba akusindikize. Kibet msalimie wewe ukipenda, mimi bado.

Ukishasomewa hii, usingoje Jumapili. Enda kwa kina Chebet. Na mzee akiuliza kama namtaka binti yake, Mama, mjibu kabla hajafunga mdomo.

Mwanao,
Kiprono