Mume na Mke, Ugonjwa Mmoja wa Moyo

Endasak, Hanang

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma. Mimi sijambo, kazi ya kufundisha inaendelea, na baridi ya huku chini ya mlima inanikumbusha Njombe. Vipi moyo wako tangu ulipoambiwa unadunda bila mpangilio? Dawa unameza? Nauliza kwa sababu ugonjwa huo nimeuona kwa karibu, humu humu nilimopanga.

Wenye nyumba ni Mzee Tluway na mkewe, Mama Paskalina, wakulima wa mahindi na maharage. Mzee aligunduliwa kwa bahati tu. Alikwenda hospitali kutazamwa macho, nesi akamshika mkono kupima mapigo, kisha akaita daktari. Mwenyewe hakuwa amesikia lolote. Jana yake tu alikuwa analima. Mama Paskalina, aliyemsindikiza, akasema, "Daktari, huo moyo wa kurukaruka mnaomwambia huyu, mbona ninao mimi?" Kwa muda mrefu alikuwa akibeba ndoo anakosa pumzi, na moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Kila alipolalamika aliambiwa ni mawazo, au ni umri. Alipopimwa, ugonjwa ukawa ule ule.

Jambo hilo lilinishangaza. Siku nilipowasindikiza kliniki nikamwuliza daktari inakuwaje. Akasema wanawake wengi huusikia zaidi, kwa uchovu na moyo kwenda mbio, lakini mara nyingi huchelewa kutambuliwa. Wanaume wengi husikia kidogo, wengine hawasikii kitu.

"Si wote," akasema, "na sababu zake hatujazijua zote. Ila damu inaweza kuganda moyoni ikaenda kichwani ikaleta kiharusi, usikie usisikie. Na wanawake mara nyingi kiharusi hicho huwaumiza zaidi."

Mzee hakulishika neno hilo. Siku ya kurudi kliniki ilipofika alikuwa anapalilia. "Mimi si mgonjwa," akasema, "nitakwenda mvua ikikatika." Dawa zake za kuzuia damu isigande zikaisha. Mama Paskalina akaingiwa na hofu, akaanza kumpa zake, akimwambia zimeletwa kutoka hospitali. Yeye mwenyewe akakaa bila. Hatukujua.

Asubuhi moja Mama Paskalina alikuwa anakoroga uji, mwiko ukamponyoka. Nikamwita, akajibu maneno yasiyoeleweka, mdomo umekwenda upande. Mzee alitaka alazwe kitandani kwanza apumzike. Nikakataa, nikampigia simu paroko, akaja na gari tukamkimbiza hospitali.

Namshukuru Mungu, kusema anasema tena, ingawa mkono wa kulia bado hauna nguvu. Daktari alipouliza habari za dawa, Mama Paskalina akaeleza yote. "Akianguka baba wa nyumba, shamba nani atalima?" Mzee akaniambia, "Mwalimu, mimi sikusikia kitu. Yeye alisikia vyote, na bado dawa yake nikameza mimi."

Sasa Mzee ndiye anayechota maji na kupika. Uji wake una madonge, Mama anaunywa hivyo hivyo. Siku ya kliniki wanaondoka pamoja, kila mtu na dawa zake.

Tangu hapo najiuliza habari zenu. Wewe, Baba, ulisema husikii chochote. Ni kweli mpaka leo? Na Mama, kule kuhema anapopanda kutoka mtoni, tumezoea kusema ni kilima. Naomba apimwe naye, hata kama mwenye kadi ya kliniki ni wewe.

Msalimie kaka mkubwa na shemeji, bibi mzaa mama, na shangazi wa pale kanisani. Mdogo wangu asome kwa bidii.

Nijibuni wote wawili, kila mtu aeleze anavyojisikia kwa maneno yake mwenyewe. Tafadhali, Baba, usimjibie Mama.

Binti yako akupendaye,
Tumaini