Koleo Lako, Mzee Novati

Mzee Novati,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha gego langu la chini, upande wa kushoto, kilichotokea Jumatano saa nne asubuhi baada ya kuugua miaka mitatu bila mwenyewe kukubali. Habari ziufikie ulimi, shavu, na ndugu zake wote waliobaki, popote walipo mdomoni. Mazishi yalifanyika papo hapo, kwenye ndoo nyekundu ya taka, bila ibada.

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini kukuandikia bila kukuamkia ningeona kama naingia nyumbani kwako kwa kupitia dirishani.

Aliyeling'oa ni Dokta Neema, binti mpya tuliyeletewa hapa wilayani. Ana mkono mwepesi, ungempenda. Mimi ndiye niliyetia aibu. Miaka yote hii ya kung'oa meno nawaambia watu "jikaze kidogo", na siku yangu ilipofika nilipiga kelele hata sindano haijagusa fizi. Binti alikuwa bado anavaa glavu. Wagonjwa watatu waliokuwa kwenye benchi nje wakaondoka. Mmoja, nasikia, alionekana jioni Kabanga akinunua karafuu za kujitibu mwenyewe.

Kazi ilipokwisha nikamwambia, "Binti, naomba jino langu."

Akanitazama kama mtu aliyeombwa kichwa cha mbuzi. "Mzee, hiyo ni taka hatarishi. La nini?"

La nini, naulizwa mimi. Mimi! Nikaenda nyumbani na pamba yangu mdomoni, nikakaa, nikachukua kalamu. Swali lake lilinirudisha kule kambi ya wakimbizi, na huko kuna jambo nilipaswa kukuambia ukiwa hai.

Kwanza habari za nyumbani. Mkeo, Mama Fortunata, hajambo. Baiskeli yako amemuuzia mwalimu mmoja wa Nyamiaga, naye karudi kulalamika kwamba breki hazishiki. Tukamwambia hazijawahi kushika, marehemu alikuwa anasimama kwa viatu. Kahawa ya nyuma ya nyumba imezaa vizuri kwa makusudi, kwa vile hupo kuisifia. Na kanisani pale Mbuba, nafasi yako kwenye benchi la tatu bado haijakaliwa. Watu wanabanana pembeni kama kuna mtu.

Sasa lenyewe. Siku ya kuanua matanga, mbele ya ukoo mzima na majirani, Mama alitoka ndani na kitu kimefungwa kwenye kitenge. Koleo lako, lile la magego ya juu, ambalo hukumruhusu mtu kulishika hata kulipangusa. Akasema umeacha neno: apewe Msomi, "yule asiyepoteza jino la mtu." Watu wakapiga makofi. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikalia, wakadhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini, Mzee wangu, nililia pia kama mtu aliyekabidhiwa mali ya wizi hadharani. Ulinipa koleo hili kwa ajili ya siku moja tu, na siku ile haikuwa kama ulivyoijua. Tangu hapo limelala kwenye kitenge chake juu ya kabati. Sijamng'oa mtu jino nalo.

Nianze unapopajua. Mwaka ule watu walipovuka mpaka kwa maelfu, na vilima vyetu vikageuka mji wa maturubai ya bluu, mimi nililetwa hema la meno nikitokea chuo, Mhaya wa Muleba mwenye viatu vya ncha na cheti kilichowekwa ndani ya nailoni mbili mvua isikiguse. Ulinitazama kuanzia juu hadi kwenye zile ncha. Ukasema, "Karibu, Msomi." Jina likaniganda mpaka leo. Kuna watu hapa Ngara wanaodhani nilibatizwa hivyo.

Nilidhani nimekuja kukufundisha. Nilipokuona unapita kwenye foleni nzima ukisalimia mtu mmoja mmoja kwa Kihangaza, nao wakikujibu kwa Kirundi, mkaelewana na kucheka, nilitazama saa. Nusu saa ya salamu! Halafu ule mtindo wako wa kumuuliza mgonjwa, ganzi ikishashika, "Ukipona utakula nini kwanza?" Nakumbuka yule baba mrefu aliyeanza kukuelezea nyama ya mbuzi, anavyoichoma, anavyoigeuza, na alipofika kwenye chumvi jino lilikuwa mkononi mwako. Akakasirika kwamba umemkatiza.

"Anzia masikioni, Msomi," uliniambia. "Mdomo utafunguka wenyewe."

Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari, nikaweka alama ya kuuliza mbele yake. Mfukoni nilikuwa na barua ya kuomba uhamisho kwenda Bukoba, mahali nilipoamini wagonjwa huja kimya kimya na kuondoka wakisema asante.

Ndipo ikaja siku uliyoitwa kwenye kikao Ngara mjini, ukaniachia hema peke yangu. Ulitamka jambo moja tu ukiwa umeshapanda lori: "Kila mtu aondoke na jino lake." Nikaitikia ndiyo kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia mazungumzo ya wazee. Chuoni tulifundishwa kwamba jino likitoka ni uchafu.

Nilifanya kazi kama mashine ya kusaga. Keti, funua, sindano, vuta, haya mwingine. Hadi saa saba nilikuwa nimewang'oa watu kumi na sita, na meno yamo ndani ya beseni moja la dawa. Nikachungulia nje. Wote kumi na sita wameketi chini, wamenyamaza, wananitazama! Mzee, nilinyoosha koti. Niliamini wamengoja kunishukuru. Nikatoka na kifua mbele, nikasimama kama mgombea ubunge.

Baba mmoja mwenye pamba shavuni akainuka. "Daktari, tunangoja."

Nikarudi ndani nikawaletea vidonge vya maumivu. Wakapokea. Wakaendelea kukaa.

"Mnangoja nini tena?"

"Meno yetu."

"Si nimeyatoa!"

"Ndiyo. Tupe."

Nikalileta beseni. Nakuapia, hakuna kitu kinachofanana na jino la mtu kama jino la mtu mwingine. Walichungulia kama watu wanaotazama maharage yaliyomwagika. Ndipo akasimama yule mama mzee, mfupi, mwenye fimbo, ambaye kambi nzima ilimwita Mukecuru, yaani bibi kizee kwa lugha yao. Alikuwa ameuza mtama Kabanga miaka mingi, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kilichonyooka. "Mimi nimeacha ng'ombe kule," akasema. "Nimeacha nyumba, nimeacha kaburi la mume wangu. Jino siachi. Nikifa nitazikwa na vyangu vyote vilivyobaki."

Cheti kilikuwa hema la pili, ndani ya nailoni zake.

Ulirudi saa tisa ukanikuta nimepiga magoti mbele ya beseni, jasho linatiririka, watu kumi na sita wamenizunguka. Ningefurahi ungenigombeza. Wewe uliwaamkia, ukaketi juu ya ndoo, ukawaambia, "Huyu kijana amesoma. Atawarudishia moja moja. Mpeni tu nafasi awaulize." Halafu kwangu, chini chini: "Sasa uliza."

Nikauliza. Ningefanyaje? Ili nijue jino la nani, ilibidi nijue lilivunjika vipi, lilianza kuuma lini, upande gani, alitafuna nini. Mmoja lake lilivunjwa na mfupa kwenye harusi ya shemeji yake, akaanza kuwataja waliohudhuria. Mwingine alikuwa na hasira na mama mkwe aliyempiga na mwiko. Binti mmoja alilia kabla ya kusema kitu, nikashindwa kumharakisha. Nikalinganisha mizizi na mashimo, nikapapasa, nikakosea, nikarudia. Kufika jioni nilikuwa najua watu wale kuliko nilivyowajua majirani zangu Muleba. Wa mwisho alikuwa Mukecuru. Ulitoka kwenda kumsihi dereva wa lori atungoje, na uliporudi ulimkuta ameshika jino lake, anasema, "Ni lenyewe."

Basi ukawa wimbo wako. Kwenye vikao, harusini, kwa maaskofu na kwa wauza ndizi: "Msomi huyu! Meno kumi na sita, hakukosea hata moja!" Watu wakaanza kuja kambini wakiuliza yule anayejua meno ya watu. Barua ya uhamisho niliichana wiki ile ile. Nimekaa kwenye kazi hii, nimeipenda, mke wangu anasema naipenda kupita kiasi, na kila kijana anayeletwa kwa mafunzo namsimulia hadithi yako kama ulivyoisimulia wewe.

Nitakuaga hapa, kabla sijamaliza. Nikishamaliza sitakuwa na uso wa kuaga. Pumzika, Mzee wangu. Asante kwa zile salamu za nusu saa. Siku hizi nazifanya mimi, na vijana wanatazama saa. Nakuahidi hivi: Jumapili baada ya misa nitakwenda kwa Mama Fortunata, nitamsomea barua hii yote, pamoja na sehemu ya chini, na koleo litakuwa mezani kati yetu. Akisema nibaki nalo, nitalishusha kabatini na kulifanyia kazi. Akisema apewe jirani akang'olee misumari, atapewa, wala sitanung'unika.

Haya. Ilikuwa hivi.

Ndani ya beseni hayakuwemo meno kumi na sita. Yalikuwa kumi na tano. Mukecuru alikuwa mgonjwa wa kwanza asubuhi ile, na jino lake nililitupa moja kwa moja kwenye shimo la kuchomea taka, pamoja na pamba. Wa pili alipokuja nikaona uvivu kutembea hadi shimoni, ndipo nikachukua beseni. Kwa hiyo muda wote ule niliopiga magoti nikitafuta, la kwake nilijua liko wapi. Shimo lilikuwa limeshawaka moto mchana.

Ulipotoka kwenda kwa dereva tulibaki wawili, na beseni tupu. Nikashikwa na hofu. Kwenye sanduku langu nilikuwa na jino la mafunzo, la mtu nisiyemjua, nililojifunzia kuziba nikiwa chuoni. Nililipaka dawa kidogo, nikampa. Katika papara yangu nilisahau kwamba katikati yake lina zibo linalong'aa kama sarafu. Nililiziba mwenyewe, kwenye mtihani.

Mukecuru aligeuza lile jino kwenye mwanga. Hajawahi kuzibwa jino maisha yake yote. Akalitazama zibo, akanitazama mimi, akalitazama zibo. Wewe ukaingia. Ndipo akasema, "Ni lenyewe," akalifunga kwenye pindo la kanga.

Siku mbili sikulala sawasawa. Siku ya tatu asubuhi, wewe ukiwa bado kwenye salamu zako mwanzo wa foleni, alikuja nyuma ya hema akanigonga mguu kwa fimbo.

"Daktari. Jino langu limelala kwako nusu siku tu, limerudi tajiri."

Nikamwambia ukweli wote, kwa haraka, macho nikiyaelekeza kwenye ncha za viatu. Akaniambia nimpeleke shimoni. Tukasimama pale mbele ya majivu. Alitikisa kichwa, halafu akaanza kucheka, akashika shavu kwa sababu lilikuwa bado linauma, akaendelea kucheka. Aliinama, akachota majivu kiganja kimoja, akayafunga mahali lilipokuwa lile jino tajiri. Jino akanirudishia. "Hili lina mwenyewe. Ipo siku atakuja kulidai."

Nikasema nitakwenda kukueleza wewe, sasa hivi. Akanizuia kwa fimbo kifuani. "Usimwambie mzee wako. Tangu juzi anatembea kama aliyepata mtoto wa kiume."

Nikamwomba msamaha. Akasema majivu si kitu, hata nyumba yake iliungua. Kilichomkera ni kingine.

"Wale wote uliwauliza. Jino lako lilianza lini, lilivunjika wapi. Nilikaa nikingoja zamu yangu. Nimepanga maneno. Mimi hukuniuliza kitu."

Ni kweli. Sikumuuliza kwa sababu nilijua hakuna cha kutafuta.

Kwa hiyo nilikaa chini, pale pale kando ya shimo, na koti langu jeupe, nikamuuliza, "Mama, lilianza kuuma lini?"

Akajiweka sawa, akaegemeza fimbo, akaanzia mbali kabisa, siku ya mahari yake. Nyuma yetu ulikuwa unaniita, "Msomi! Msomi, uko wapi, watu wanangoja!" Sikuitika.

Mwanao,
Projestus