Nimemsifia Mgeni Uwanja wa Mtani Wake

Jumapili, Toongabbie, hapa Sydney. Manyunyu tangu alfajiri, na nguo tulizofua Ijumaa bado ziko kwenye kamba.

Leo wamekuja kumposa binti yangu Salma. Nimeaibika, nimecheka, na sasa nimekaa jikoni na sahani ya ukoko wa pilau, sijui nifurahi au nilie.

Nianze na aibu. Kijana anaitwa Khalil, Mmarekani, mhandisi, ana adabu na anaswali. Sina kasoro ya kumtoa isipokuwa moja: amepata kazi kwao Chicago na anataka kuondoka na mwanangu. Baba yake, Mzee Jamal, amesafiri kutoka huko kuja kuposa. Salma alinidokeza kwamba mzee huyo huzungumzia mambo mawili tu, dini na besiboli. Kwenye dini sina wasiwasi. Besiboli nikaona niisomee.

Nia yangu haikuwa safi, nakiri. Nilitaka mzee anipende, na akishanipenda nimbane: mtoto haondoki Sydney. Hilo ndilo sharti nililotembea nalo kifuani wiki nzima.

Basi kila saa ya mapumziko, pale ghalani St Marys ninapofanya kazi, nimekuwa nikisoma habari za uwanja mkongwe wa Chicago. Yanayojulikana na kila mtu sikuyataka. Nilitaka ya uvunguni. Kwamba matokeo kwenye ubao mpaka leo hubadilishwa kwa mkono, na wanaobadilisha wamejificha ndani ya ubao wenyewe. Kwamba timu ikishinda hupandishwa bendera nyeupe, abiria wa treni wajue bila kuuliza. Kwamba kwa miaka mingi hapakuwa na taa, mechi zote zikachezwa mchana. Kwamba ukuta wa nyuma umefunikwa majani yanayotambaa, na mpira huweza kuingia humo ukapotea. Nilimhadithia mke wangu haya yote, akaniambia nikanunue nazi Cabramatta.

Sasa, kwetu Tanga, katika ukoo wetu, baba wa binti hasemi siku ya posa. Hukaa kimya kama mgonjwa, na msemaji ni mjomba. Kwa hiyo elimu yangu yote ilibidi ipitie kwa shemeji yangu Omari, ambaye hajawahi hata kuuona mpira wa besiboli. Nikawa namnong'oneza sikioni, naye anatangaza kwa Kiingereza, kwa sauti ya khutba.

Ubao. Bendera. Taa. Majani.

Mzee Jamal alikuwa anatafuna sambusa. Kadiri Omari alivyoendelea, ndivyo mzee alivyotafuna polepole. Khalil akainamia zulia. Mwishowe mzee akaweka sahani chini, akasema kwa upole kwamba Chicago kuna timu mbili, na kwao, tangu babu yake, ni watu wa ile nyingine.

Ya Rabi.

Mimi! Niliyekulia nchi ambayo mtu na ndugu yake hununiana wiki nzima kwa sababu ya mechi ya watani wa jadi. Kati ya watu wote mjini hapa, mimi ndiye niliyepaswa kuuliza kwanza mgeni ni wa upande gani. Na kwa mila zetu sikuweza hata kuomba radhi kwa mdomo wangu. Nikamnong'oneza Omari aniombee.

Omari, ambaye kule nyumbani anashabikia watani wangu tangu utotoni, akanigeukia mbele ya wageni. "Jiombee mwenyewe. Hujawahi kuchagua timu nzuri maisha yako yote."

Mzee akauliza amesema nini. Omari akamtafsiria neno kwa neno. Mzee alicheka mpaka akashika magoti, na nyuma ya mlango nikamsikia Salma naye anacheka.

Alipotulia akasema kuna kitu kimoja tu anachowaonea wivu wale watani wake: ule ukuta wa majani. Mpira ukinasa humo, mlinzi, yule mchezaji anayedaka huko nyuma, hunyoosha mikono yote miwili juu. Mwamuzi anasimamisha mchezo, mpigaji anapewa besi mbili, yaani vituo viwili vya kukimbilia, basi. Lakini mlinzi akiingiza mkono kupekua, mchezo unaendelea, na wakati yeye anahangaika na majani, mpigaji anazidi kukimbia.

Nikauona mkono wangu mwenyewe ndani ya yale majani.

Omari akaniinamia. "Lile sharti nilitoe sasa?"

Niliutazama mlango aliosimama nyuma yake mwanangu.

"Acha," nikamwambia.

Wageni walipoondoka Salma alinifuata hapa jikoni. "Dad, I thought you were gonna say no to Chicago."

Alidhani ningeikataa Chicago. Nikanyoosha mikono yote miwili juu, kijiko cha pilau kikiwa bado mkononi. Akanikumbatia hivyo hivyo, punje za wali zikamwangukia kichwani.

Nitamkosa huyu mtoto. Nimeshaanza kumkosa na bado yuko chumba cha pili anaongea na simu.

Lakini sasa hivi nimesoma jambo jingine, na hili Mzee Jamal hakuligusia. Kwenye besiboli mkimbiaji hapati alama kwa kufika mbali. Anaipata akirudi pale pale alipoanzia.

Kesho nitamwambia Salma, kabla hajaenda kazini.