Fungate ya Ufaransa

Al Barsha, Dubai

Dada Joha,

Shikamoo. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linalotuunguza. Edna wa lile duka ulilokuwa ukifanyia kazi huku bado anakuulizia. Viatu vya mama nimeshavituma.

Fungate yangu hatimaye nimeipata. Rama aliniambia, "Mke wangu, wikiendi hii nakupeleka Ufaransa, mji wa pwani." Nikanunua sweta! Kumbe ni hoteli kwenye kisiwa cha kutengenezwa, hapahapa Dubai, imejengwa kama mji wa huko. Nilicheka mpaka machozi.

Mapokezi tukamkuta dada mmoja wa Pangani. Aliponiona tu akachangamka: "Dada Joha! Karibuni tena!"

Unajua watu wanavyotuchanganya tangu utotoni. Nimezoea, nikaitika. Kisha hilo neno "tena" likaniingia.

Akauliza, "Niwape chumba kilekile?"

Nikamtazama Rama. Nilingoja aseme, "Umemfananisha." Wallahi, dada, nilingoja.

Akasema, "La, tupe kingine."

Yeye sijamuuliza kitu mpaka leo. Nakuuliza wewe, uliyenipaka hina.

Ni mimi, mdogo wako,
Saumu