Mifupa ya Binti Yangu na Siri Uliyoijua Wewe

Kibanda cha Fundi Cherehani,
Nyuma ya duka la vitambaa,
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Kile kikohozi kimekuacha? Na shemeji, mgongo wake unaendeleaje? Sisi tunapumua, ila uzima wetu safari hii ni wa kuchechemea.

Picha ya binti yako akiruka na mpira wa kikapu imefika. Nimewaonyesha wateja wote, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, kisha nikaitupa kwenye droo ya vifungo. Nakuonea wivu, nasema wazi. Watoto hawa tuliwazaa mwaka mmoja, leo wako anakaribia kugusa dari na wangu ananifika begani.

Sasa habari yenyewe. Binti yangu alijikwaa mlangoni, akaanguka kidogo tu, kuanguka kwa kuchekwa. Mkono ukavunjika! Daktari wa mifupa aliitazama picha ya mfupa, kisha akamuuliza mtoto kama anakunywa pombe. Nilitaka kumkemea daktari. Mtoto akajibu, "Jumamosi, na wenzangu. Tunakunywa mpaka zinaisha."

Mimi ndiye ninayemshonea sketi za shule. Huacha pindo pana ili niliteremshe akirefuka. Pindo hilo halijaguswa tangu mwaka juzi, na mimi mjinga nikafurahi kwamba kitambaa kinadumu. Nilisema karithi ufupi wa bibi.

Daktari alieleza taratibu. Umri huu ndio mifupa inajijenga na kujiwekea akiba ya uzeeni. Pombe nyingi kwa mkupuo inaivuruga kazi hiyo, mfupa unadumaa, unakuwa dhaifu, unavunjika kirahisi. Hakusema pombe ndiyo iliyomnyima kimo chote, wala hakuiondolea lawama. Akiacha sasa na kula vizuri, bado ana nafasi. Akiendelea, ataingia utu uzima na mifupa ya ajuza.

Hayo niliyameza. Lililoniuma ni la njiani, tukirudi nyumbani. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Mama, wewe unafoka. Nilishamwambia mama mdogo, zamani."

Mdogo wangu! Mimi ninayemwogesha na plasta yake, ninayemkatia nyama, ndiye wa mwisho kujua? Nawe unanipigia simu kuuliza bei ya vitambaa! Nimekununia wiki nzima. Wivu wa urefu ni mchezo wa watoto mbele ya huu.

Nimemkataza. Ameitikia, "Ndiyo mama," kwa sauti ile ya kumtoa mgeni mlangoni. Jumamosi akaniaga anakwenda kusoma, akarudi ananuka peremende.

Baba anakusalimu, na kaka fundi baiskeli pia. Msalimie shemeji. Binti yako mwambie mama mkubwa anamsifu, na hapo sitanii. Mungu awape afya na awaepushie ya kwangu.

Na wewe mpigie binti yangu Jumamosi mchana, kabla hajatoka. Mwambie yote aliyosema daktari. Nikisema mimi anasikia kelele, ukisema wewe anasikia maneno. Nitawaachia chumba, na mlango nitaufunga mwenyewe.

Wako akupendaye hata akinuna,
Dada yako