Nyambura Atengwe

Mtaa wa Tena, Nairobi

Mama mpendwa,

Naanza na magoti yako: yanasemaje na baridi hii? Na ng'ombe wetu watano, wanakula? Mimi ni mzima, ila maji ya bomba huku huja yakipenda.

Vichupa vya damu ulivyompa baba mdogo alete vilifika salama, vimefungwa ndani ya soksi. Uliviandika majina ya ng'ombe tu, na wewe ng'ombe wako wote wana majina ya watu wa nyumbani. Basi Daktari Achieng', mwenye maabara ya mifugo ninakoosha vioo hapa Kariobangi, akainuka kwenye vipimo vyake, akasema kwa sauti, "Nyambura ana virusi. Atengwe."

Mafundi wa vyuma wa jirani wakasikia. Kufika saa saba, mama wa chapati alinimiminia chai katika kikombe cha plastiki cha peke yangu, akanisukumia kwa kijiti. Nilicheka, lakini Mama, iliniuma.

Sasa nikueleze. Virusi hivyo hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu, nazo kwa Nyambura zimezidi mno. Dawa hakuna. Huambukizwa kwa damu, hasa sindano moja ikidunga ng'ombe wengi. Wale wanne wengine damu yao ni safi. Daktari aliuliza imewezekanaje, nikamwambia wewe humruhusu mtu wa chanjo kuingia zizini bila sindano tano, hata majirani wakisema unaringa. Nikamwambia pia ni wewe uliyepapasa uvimbe shingoni mwa Nyambura ukashuku. "Mama yako angekaa kwa hiki kiti changu," akasema. Nilijivuna siku nzima, na bado najivuna.

Mjengee Nyambura banda lake, Mama, awe na sindano yake, na asikae tena na wenzake. Najua itakuuma. Shosho aliniambia, maana nyanya hamfichi mjukuu, kwamba ulimpa jina langu wiki niliyoondoka, upate kuliita kila asubuhi. Usiache kumwita. Atakuwa mbali kidogo, kwa hiyo paza sauti.

Nisalimie Shosho aliyetoa siri yako, baba mdogo mwenye soksi, na dada yangu anayekusaidia kukamua.

Mwanao,
Nyambura wa miguu miwili