Tulipokwenda Kutazama Watu

Jumapili, 2 Juni
Vyombo nimemaliza sasa hivi. Mikono inanuka kitunguu. Kikao cha safari leo kilikuwa kwetu, Miyuji, hapa Dodoma, na wageni wamekula mpaka ukoko.

Kundi ni lile lile. Wake na waume, wote watu wa ofisi, wote tumechoka na Zanzibar. Mwaka huu ni lazima nje ya nchi. Fausta, mwenyekiti wetu, alitaka Dubai. Mimi nilitaka Malawi: ziwa, samaki, utulivu. Nilisema mara moja, hakuna aliyesikia.

Kisha mume wangu Gideoni akasimama na simu yake. Namibia. Akatuonyesha video. Jangwa, tembo, halafu kijiji ambacho wageni wanapelekwa kutazama wenyeji wa zamani, wamevaa ngozi, wanaongea kwa vidoko, ile milio ya ulimi. Sebule nzima ikaanza kuigiza. Watu wazima, wasomi, wanagongesha ndimi kama wanaswaga punda. Walicheka mpaka wakafuta machozi.

Nilikwenda jikoni. Hakukuwa na cha kufanya jikoni.

Namibia imepita. Gideoni alipiga makofi kuliko wote.

Jumatano, 12 Juni
Niandike tu, hapa hapana wa kusoma. Mimi ni Msandawe. Kwetu ni Chemba, na lugha ya mama yangu ina vidoko hivyo hivyo. Katika kundi anayejua ni Gideoni peke yake. Fausta anadhani mimi ni Mrangi kwa sababu niliwahi kusema nimesoma Kondoa. Sijawahi kumsahihisha.

Nilipohamia shule ya mjini, wenzangu walikuwa wananizunguka wakati wa mapumziko. Sema tena. Sema lile neno la maji. Nilisema mpaka nikajua wanachotaka si maji. Tangu hapo lugha ile naizungumza nyumbani kwetu, na kwenye simu na mama, mlango ukiwa umefungwa.

Watoto wangu hawaijui. Hilo linaniuma na sina wa kumlaumu.

Alhamisi, 20 Juni
Fausta ametuma kwenye kundi la simu maagizo ya safari. Tusipige kelele hotelini. Tuvae kwa staha. Tusimpige mtu picha kabla ya kumwomba. Tusicheke chakula cha watu. Nimeyasoma yote na nimeyapenda.

Fausta ni Mgogo wa Mvumi. Mwaka juzi alimfukuza Mzungu aliyempiga picha mama yake akipepeta mtama uani. Alimfuata mpaka barabarani akamwambia, "Mama yangu si twiga." Kila akitusimulia, tunampigia makofi. Nami nilipiga.

Labda itakuwa sawa.

Ijumaa, 5 Julai
Mabegi yako mlangoni. Upepo wa Dodoma leo unakata midomo, na wanasema kule ni baridi zaidi.

Nimemwomba Gideoni jambo moja. Tukifika kwenye kile kijiji, asitaje kwetu. Akacheka. "Nani atauliza, mama Neema?" Nikamwambia sitaki kuulizwa wala kutajwa. Akasema sawa, huku anatafuta chaja.

Jumatatu, 8 Julai
Windhoek. Safi mno. Barabara kama zimepigwa deki. Baridi ya asubuhi inauma meno.

Leo nilikuwa na furaha, nakiri. Gideoni alinishika mkono barabarani, kitu ambacho Dodoma hafanyi. Alinichagulia skafu ya buluu. Tulikula nyama kwenye mgahawa na kila mtu aliongea kwa sauti ya chini. Fausta alimsalimia mhudumu kwa lugha ya pale, neno alilojifunza kwenye simu, na yule dada akafurahi kweli. Nikajisemea, tumekuwa watu wa kusafiri.

Jumatano, 10 Julai
Kijijini.

Tulisafiri mpaka makalio yakafa ganzi. Vibanda vya nyasi, moto mdogo katikati, watu wamekaa wakitusubiri. Mwongozaji ni kijana mpole, anaongea Kiingereza. Alisema kwanza kabisa: tafadhali ombeni kabla ya kupiga picha. Fausta akaitikia kwa kichwa. Kisha simu zikatoka zote kwa pamoja, na ya Fausta ilikuwa mbele.

Bibi mmoja alikuwa akitoboa shanga za ganda la yai la mbuni. Alisema kitu kwa mwongozaji. Kidoko kikapasuka kwenye neno lake, na mwili wangu ukashtuka. Sikuelewa hata neno moja. Lugha si yangu. Lakini sauti ile naijua mdomoni kwangu tangu sijaota meno.

Wenzangu wakaanza. Tk. Tk. Klo. Wanamwigiza, wanaangaliana, wanacheka. Fausta alichuchumaa sentimita chache kutoka usoni kwake, akafanya "tk tk", akajipiga picha naye. Bibi alitazama shanga zake.

Ndipo Gideoni akasema, kwa sauti kubwa, ametanua mikono kama mshereheshaji harusini:
"Jamani, mbona mnahangaika? Mke wangu ni wa huko huko! Msandawe huyu. Hebu mama Neema, ongea naye!"

Simu zote zikanigeukia.

Nilimchukia. Sijui neno jingine.

Ningeweza kurudi garini. Nilimtazama yule bibi, nikawaza, huenda akafurahi. Huenda hajawahi kusikia mtu kutoka mbali mwenye sauti kama zake. Nikapiga magoti. Nikamsalimia kwa lugha ya mama yangu, polepole, kwa heshima yote niliyofundishwa, macho chini, kama ninavyowasalimia wakubwa kwetu.

Wenzangu wakashangilia. Mtu akapiga mluzi.

Bibi aliniangalia. Uso ule ule aliokuwa nao mbele ya Fausta. Kisha akanipa bega.

Mwongozaji akaniinamia. "Tafadhali mama. Anachoka na watu wanaomwigiza."
Nikamwambia, "Simwigizi. Hii ni lugha yangu. Natoka Tanzania, nasi tuna lugha yetu ya vidoko."
Akatabasamu. Tabasamu la kazi. "Ndiyo mama. Wageni wengi husema wanaijua."

Sikuwa na la kumwonyesha. Skafu ya buluu, miwani ya jua, nyuma yangu watu wazima wanagongesha ndimi. Nami ningejidhania mwigizaji.

Alhamisi, 11 Julai
Tembo. Wengi. Sikushuka garini.

Gideoni anasema ulikuwa utani. Anasema nimezira kama mtoto. Anasema nimeharibu safari ya watu. Nimemuuliza kama anakumbuka nilichomwomba kabla hatujaondoka. Akasema, "Kwani kuna ubaya gani kuwa Msandawe?" Ameligeuza. Sasa mwenye aibu ni mimi.

Labda aibu ninayo. Lakini sikumpa aitumie.

Jumapili, 14 Julai
Tumerudi. Leo tulikutana kwa Fausta, Makole, kutazama picha. Ameunganisha simu kwenye televisheni. Machweo, tembo, machweo tena. Halafu mimi, nimepiga magoti. Kidoko changu kikatoka kwenye spika na sebule ikalipuka kwa kicheko. Wakaomba kirudiwe. Kikarudiwa.

Bibi akigeuza bega, hakuna aliyemwona. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Nilisimama nikamwambia Fausta aifute. Akashangaa kweli. "Shoga yangu, mbona hukutuambia tangu zamani? Tungejua, tusingecheka."

Nikamuuliza, "Na yule bibi je? Mlijua ni nani?"

Fausta akaokota rimoti.

Nikamwambia, "Mama yako si twiga. Na yule ni mama wa nani?"

Alizima televisheni. Hakuomba radhi, nami sikusubiri. Gideoni alinifuata mpaka getini, akasema huku ameuma meno kwamba nimemwaibisha mbele ya watu. Niliendelea kutembea. Video iko kwenye simu za wote. Hata wakifuta, wameshacheka.

Jumamosi, 20 Julai
Chemba, kwa mama. Nimekuja na watoto. Gideoni kabaki. Hakuuliza nitarudi lini, nami sikusema.

Asubuhi tulivu. Mama alikuwa mkekani na karanga. Nikakaa naye. Watoto wanakimbiza kuku, wanamwita bibi yao kwa Kiswahili, naye anawajibu kwa lugha yetu, hajali kama wanaelewa.

Nikamweleza kwamba nimefika nchi ya mbali, na huko kuna watu wenye vidoko kama sisi. Mama akaacha kubangua. Akataka kujua. Wanalima nini? Mvua wanapata? Yule bibi ana wajukuu wangapi? Anaumwa magoti, kama yeye?

Sijui. Kila swali, sijui. Hatukuuliza.

Mama akafikiri kidogo.
"Mlipokwenda kwao, mliwapelekea nini?"
"Hatukupeleka kitu, mama. Tulilipa getini."
"Aa," akasema.

Akanisogezea ungo. Tumebangua karanga mpaka jua limehama mkekani.